Mchochezi wa boila na wanawe waliosoma shule mbili

Saa moja na nusu asubuhi, mama wa miaka hamsini na mbili anazunguka boila ambalo bado halijawashwa. Amevaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini na viatu vizito vilivyofungwa kamba kwa mafundo mawili. Anaegemeza sikio kwenye chuma baridi. Kisha anapitisha kiganja chini ya tumbo la boila, polepole, akitafuta unyevu.

Kiganja kinarudi kikavu. Anakiangalia tena kwenye mwanga wa dirisha, kana kwamba hakukiamini mara ya kwanza.

“Likiwa baridi halisemi kitu,” anasema bila kugeuka. “Lakini nalisikiliza hivyo hivyo. Utanicheka.”

Hakuna anayemcheka. Wiki saba zilizopita, boila lililokuwa hapa kabla ya hili lilipasuka mchana kweupe, na ukuta wa matofali uliolitenganisha na chumba cha pasi ukalala chini. Siku hiyo ndani ya chumba cha pasi kulikuwa na mkutano wa watu arobaini. Wawili kati yao walikuwa wanawe.

Mahali penyewe ni ushirika wa ufuaji wenye wanachama ishirini na watatu. Hufua mashuka ya hospitali mbili na nyumba kadhaa za wageni, shuka mia sita kwa siku, na zaidi ya hapo siku za Jumatatu. Boila ndilo linalotoa maji ya moto na mvuke wa pasi. Likinyamaza, watu wote hukaa kwenye benchi wakitazamana.

Kazi yake ni kulilisha kuni, kulinywesha maji na kuiangalia presha isipande kupita mstari mwekundu. Ameifanya kwa miaka kumi na minne. Mwanamume aliyemtangulia aliunguzwa na mvuke mgongo mzima. Mpaka leo hupita kuwasalimu wenzake wa zamani, lakini huishia getini. Hata mvua inyeshe namna gani, haingii ndani.

Kila mtu humwita Mchochezi. Jina hilo alilipata siku alipokwenda kuandikishwa kwenye ofisi ya ushirika. Karani alimwuliza kazi yake, naye akajibu kwa heshima zote, “Mimi ni mchochezi.” Karani aliweka kalamu chini na kuutazama mlango.

“Nilipomwambia ni wa moto, si wa serikali, akapumua,” anasimulia. Ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii, na kicheko kinakatika upesi, maana kuna kitu kimegonga upande wa pili wa jengo. Ni toroli tu, mtu anashusha mashuka.

Anachopata kwa mwezi, akishatoa pango na chakula, humbakizia kiasi cha kununua jozi moja ya viatu kama anavyovaa. Na kwa hicho amesomesha watoto wawili hadi chuo. Amewasomesha katika shule mbili tofauti, na kwa miaka mingi hakuona kama hilo ni jambo la kuogopa.

Kifungua mimba wake, kijana wa miaka ishirini na saba, alifiwa na baba yake akiwa darasa la tano. Mjomba wake akajitolea kumlipia nusu ya karo katika shule ya bweni yenye sifa. Kila Ijumaa jioni shule hiyo ilibandika ukutani majina ya wanafunzi wote, wa kwanza mpaka wa mia moja arobaini. Waliotangulia walilala vitanda vya karibu na madirisha. Kumi wa mwisho waliosha vyombo vya wote.

Kijana aliosha vyombo muhula mmoja. Muhula uliofuata alikuwa wa kwanza, na hakushuka tena. Jina la Namba Moja akatoka nalo shuleni, na mtaani hakuna anayemwita kwa jingine.

“Nilijivunia, nisikudanganye,” anasema mama yake. “Siku moja nikaenda kumtembelea. Mwenzake alikuwa analia, daftari lake limeloa mvua, anaomba kunakili la mwanangu. Huyu wangu akalikalia. Nikamwambia, mwanangu, mpe mwenzio. Akanijibu kwa upole kabisa, ‘Mama, yeye akipanda, mimi nashuka.’ Upole ule ndio ulionitia baridi. Angekuwa na hasira ningemwelewa.”

Kitinda mimba, binti wa miaka ishirini na miwili, hakupata mjomba wa kumlipia. Alisoma shule ya kutwa iliyo nyuma ya nyumba wanayopanga, darasa la watoto tisini, kitabu kimoja kwa watoto sita. Mwalimu wao alitoa maksi kwa dawati, si kwa mtoto. Mmoja asipofanya kazi yake, dawati zima lilipata sifuri.

Binti alizoea kubeba vitabu kwenda kuwafundisha wenzake wagonjwa nyumbani kwao. Majirani walimsifu. Kisha asubuhi moja Mchochezi akazitafuta glavu zake za kazini asizione. Binti alikuwa amempa baba wa mwenzake wa dawati, aliyepata kibarua cha kupakua vyuma.

“Alisema yule baba alikuwa na shida kuliko mimi. Siku hiyo nilifungua mlango wa tanuri kwa kitambaa,” anasema, na kugeuza mkono wa kulia juu. Kovu linaanzia kwenye kidole cha shahada na kuishia kwenye kifundo. “Hakuniuliza. Aliona ni kitu cha wote.”

Chuo kiliendelea pale shule zilipoishia. Kaka alisomea biashara na kurudi na maneno ya mtaji na ushindani. Dada yuko mwaka wa pili wa sayansi ya jamii, na kila Alhamisi hukaa na kundi la wanafunzi wenzake kusoma vitabu vya ujamaa. Mezani nyumbani, chakula kilikuwa kinapoa wakibishana.

Kaka alishikilia kwamba mtu hukitunza kilicho chake, na asiyejua kipi ni chake hana anachokitunza. Dada alimjibu kwamba hata kusoma kwake kulitokana na jasho la mama na hela za mjomba, kwa hiyo hicho anachokiita chake ni kipi hasa.

“Mmoja anataka boila nilimiliki peke yangu. Mwingine anataka nilimiliki na dunia nzima,” anasema Mchochezi. “Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalitaka.”

Mabishano hayo yangeishia mezani kama si kanuni moja ya ushirika. Kwa kuwa wanachama wengi wamezeeka, kila mmoja anaruhusiwa kuandikisha mrithi mmoja au wawili kati ya watoto wake, wenye haki ya kusema na kupiga kura mkutanoni. Warithi wamefika kumi na wanane. Wengi hawajawahi kukamua shuka.

Mwenyekiti, mzee mpiga pasi mwenye mgongo uliopinda upande mmoja, anasema mikutano ilibadilika tangu vijana waingie. “Zamani tulikuwa tunagombania sabuni. Siku hizi nasikia maneno ambayo lazima niyaulize nikifika nyumbani. Ukinitajia shule aliyosoma kijana, nakwambia atanyoosha mkono upande gani. Nimekosea mara mbili tu.”

Mwanzoni mwa mwaka huu, Namba Moja alileta hoja ya kuuvunja ushirika: kila mwanachama achukue mashine yake na fungu lake, boila liuzwe chuma chakavu, anayeweza ajiendeshe mwenyewe. Dada yake akaleta hoja ya kuipinga: pasiuzwe kitu, gawio la mwaka mzima lisitolewe, na fedha hizo zinunue boila jipya la wote. Mkutano mkuu ukapangwa.

Wakati huo boila lilikuwa limeanza kulia.

Mchochezi anachagua maneno yake hapa. Halikuwa likivuma wala kupiga mluzi, anasema. Lilikuwa likigonga, mara moja kwa saa, kama mtu mwenye adabu mlangoni. Kisha mara mbili. Chini ya tumbo, kwenye maungio ya mabamba mawili, asubuhi moja aliona mstari mwembamba wa maji usiozidi unywele. Aliupangusa, ukarudi.

Alimweleza mwenyekiti. Mwenyekiti akasema fundi ataitwa mkutano ukishaamua, maana hakuna anayejua kama boila litatengenezwa au litauzwa. Aliwaeleza wanawe. Kaka akasema, “Umeona, mama? Ndiyo sababu liuzwe.” Dada akasema, “Umeona, mama? Ndiyo sababu tununue jipya.”

“Wote wawili walifurahi,” anasema. “Si kwa ubaya. Lakini niliwaona usoni. Nilikuwa nimewaletea ushahidi.”

Tangu siku hiyo alianza kuacha mlango wa chumba cha boila wazi. Alilihamisha benchi lake karibu na kizingiti. Nyumbani aliamka akisikia kugonga, akakaa kitandani mpaka atambue ni moyo wake. Kwa nini hakulizima tu? Swali hili anaulizwa na wengi.

“Ningelizima, watu ishirini na watatu wasingekula. Na mimi niliishia darasa la nne. Wao wana vyeti. Nikawa najiambia, labda mimi ndiye mwoga.”

Siku ya mkutano ilikuwa siku ya kazi. Mashuka ya hospitali yalitakiwa saa kumi, kwa hiyo boila liliwaka. Wenzake wote pamoja na warithi waliketi kwenye chumba cha pasi, ng’ambo ya ukuta, naye akabaki peke yake na moto. Walikubaliana wamwite wakati wa kura.

Alikuwa akiwasikia. Kaka alizungumza kwanza, kwa takwimu, bila karatasi. Vijana wa upande wake wakapiga makofi. Dada akasimama, sauti ikitetemeka mwanzoni na kunyooka baadaye. Wazee wakapiga makofi. Kisha kila mtu akawa anasema.

Saa saba na dakika kadhaa, Mchochezi aliinua macho kuangalia kioo cha maji, kile kimrija kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Kilikuwa kitupu.

Alidhani kimeziba. Akakigonga kwa kidole. Hakukuwa na maji. Pampu ilikuwa inafanya kazi, lakini ule ufa wa chini ulikuwa umefunguka na kumwaga kuliko pampu ilivyoingiza. Kugonga kule kulikuwa kumekoma kabisa.

“Hapo ndipo mgeni wa kazi hukimbilia kuongeza maji,” anaeleza, akiongea taratibu kama anayemfundisha mtu. “Ukimwagia maji baridi chuma kilichokauka na kuiva, umekufa. Na walio nyuma ya ukuta wamekufa. Unazima pampu. Unatoa moto. Unaondoka.”

Alizima pampu. Akafungua tanuri na kuanza kuvuta kuni zinazowaka kwa koleo refu, akizisambaza kwenye sakafu ya saruji, miguu ikiwa katikati ya makaa. Koleo lilimponyoka mara mbili. Anasema hakuwaza ushirika wala hospitali. Aliwaza wanawe walivyokaa, maana aliwaona wakati wa chai: kaka safu ya mbele kulia, dada ameegemea ukuta. Ukuta ule ule.

Alipoingia kwenye chumba cha pasi, hakuna aliyenyamaza. Akasema, “Tokeni nje.” Mwanawe wa kiume akainua mkono bila kumtazama. “Mama, subiri kidogo, kuna hoja mezani.” Binti yake akasema, “Mama, tumpe nafasi amalize, halafu utasema.”

Mchochezi akaenda moja kwa moja ukutani, akamshika binti mkono, akamvuta kama alivyokuwa akimvuta alipokuwa mtoto wa miaka minne. Akapita safu ya mbele akamshika na kaka. Hakupiga kelele. Mwenyekiti aliuona uso wake, na kwa maelezo yake mwenyewe, hakuhitaji hoja nyingine. Aliacha karatasi zake na kuwaambia watu wote watoke upesi, wasichukue kitu.

Walitoka. Wengine walinung’unika. Kijana mmoja alirudi mlangoni kuchukua simu, mwenyekiti akamzuia kwa fimbo yake.

Walikuwa uani, wakiulizana kulikoni, boila lilipopasuka. Mwenyekiti anasema alihisi ardhi ikiruka kabla hajasikia sauti. Ukuta ulilala juu ya viti. Mvuke ukajaa chumba chote na kutoka madirishani mweupe, mzito, kwa dakika nyingi, na ndani yake kulisikika mbao zikipasuka.

Hakuna aliyeumia. Fundi aliyekuja kesho yake alikagua mabaki na kusema kama moto ungebaki tanurini, hata uani kusingekuwa na mahali salama. Alikadiria kwamba Mchochezi alikuwa na dakika kumi, na alizitumia karibu zote.

Siku hiyo Namba Moja alikaa chini kwenye vumbi na suti yake mpaka jua likapungua. Dada yake alitapika. Usiku walikaa wote watatu bila kubishana, na mama yao alipata faraja ndogo ya siri.

“Nilidhani wameogopa. Nilitaka waogope. Mtu akiogopa anasikia.”

Siku ya tatu, wakiwa mezani, kaka akasema ajali ile imethibitisha kwamba kitu cha wote hakina wa kukikagua. Dada akaweka kijiko chini. Akasema imethibitisha kwamba fedha za ukaguzi zililiwa na watu waliotaka gawio lao kwanza. Wakaendelea hivyo kwa saa nzima, kwa adabu, kwa hoja nzuri, kila mmoja na vitabu vyake.

Mchochezi alitoka nje akakaa ngazini. “Nilikuwa nimeogopa boila kwa miezi,” anasema. “Siku ile niliwaogopa watoto wangu. Walikuwa ndani ya jambo lenyewe, wamelisikia kwa masikio yao, lakini kila mmoja aliliona lile tu alilofundishwa kuliona.”

Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, Namba Moja hakukana. “Inawezekana mama yuko sahihi,” alisema, akikunja na kukunjua karatasi. “Ila sijui kufikiri kwa namna nyingine. Nilijifunza kwa kuosha vyombo. Ukishuka, hakuna anayekushika.” Dada yake alisema yeye bado anaamini ushirika unaweza kuokolewa, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, “Lakini nilimwambia mama asubiri. Hilo nalisikia kila siku.”

Ushirika ulifua kwa mapipa uani kwa wiki nne, moto wa wazi, hadi ulipoazimwa boila hili dogo na kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Kura ya kuvunja au kutovunja haijapigwa. Imepangwa mwisho wa mwezi ujao.

Lakini katika kikao cha kwanza baada ya ajali, Mchochezi aliomba nafasi ya kusema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na minne. Alisema ana ombi moja. Yeyote anayetaka kuzungumza juu ya boila, liuzwe au linunuliwe, afanye kwanza zamu ya wiki mbili motoni, pamoja naye.

Mwenyekiti akaomba mikono. Namba Moja alinyoosha, na dada yake akanyoosha, na wakatazamana kwa mshangao, maana haikuwahi kutokea. Ombi likapita.

Ni njiani kurudi nyumbani ndipo mama yao alipoelewa alichokifanya. Orodha ya zamu imebandikwa karibu na mlango. Jina la kwanza ni la binti yake, kuanzia Jumatatu. La pili ni la mwanawe.

Tangu hapo usingizi umekatika tena. Mara mbili amekwenda kwa mwenyekiti kutaka kuliondoa ombi lake, na mara mbili amegeuka kabla hajagonga. Boila hili ni kuukuu kuliko lile. Fundi amelipitisha, karatasi yake iko ukutani, lakini hata lile lilikuwa na karatasi.

Atapiga kura upande gani? “Nina kura moja na watoto wawili,” anajibu. “Usiniulize hilo.”

Anachokijua ni mpango wake wa Jumatatu. Hatampa binti yake koleo siku ya kwanza, wala hatamwonyesha geji ya presha. Watakaa kwenye benchi pamoja, boila likiwa linapata joto, na kusikiliza. Halafu kila mama atakapopiga makofi, bila kumwonya, binti atazima pampu, atavuta moto na kutoka nje. Watarudia mpaka afanye bila kuuliza kwa nini. Wiki mbili zikiisha, ni zamu ya kaka, naye hivyo hivyo.

“Ujamaa wao na ubinafsi wao, watabishana mpaka nizeeke,” anasema Mchochezi, akipiga magoti mbele ya tanuri na kupanga kuni ndogo chini, kubwa juu. “Mimi siku ya kwanza nitawafundisha kukimbia. Nikiona wameelewa, ndipo nitawapa kiberiti.”